Kitambaa Nilichokikunja Mimi

Bulla Pesa, Isiolo
Ijumaa, alasiri

Binti yangu Nakiru,

Umekwenda sokoni kununua begi, na ninakadiria kwamba sitalisikia lango likifunguliwa hadi karibu na adhana ya magharibi. Nimelifunga dirisha la upande wa barabara kwa sababu upepo wa leo haupatani na karatasi. Kesho asubuhi utapanda gari la Marsabit kwenda kuanza kazi ya kutunza bohari ya saruji na mabati. Sitakuandikia namna ya kuhesabu mifuko, wala namna ya kuishi na wapangaji wenzako, wala saa ya kufunga mlango. Umeiendesha nyumba hii tangu ukiwa msichana, na sijawahi kulala njaa. Maagizo ya siku hadi siku huna haja nayo.

Nina jambo moja tu, nami ninaliandika hapa juu, katika ukurasa wa kwanza, ili nisichoke kabla ya kulifikia. Wale vifaranga wa kina mama hawakufa kwa mkono wako. Niliwaua mimi. Nilijua siku ileile kwamba ni mimi, na kwa miaka minne nimekuacha uamini kwamba ni wewe.

Sasa nitaanza mwanzo. Mengi unayajua, lakini nitayaeleza kama ninavyomweleza mtu ambaye hakuwapo, kwa sababu utakayoiona mwishoni.

Mama yako alikuwa mmoja wa wanawake sita wa chama cha kuku. Walikuwa wakinunua vifaranga wa siku moja, wakiwalea pamoja katika nyumba ya mmoja wao hadi waote manyoya, kisha kila mama anachukua wake. Alipofariki ulikuwa na miaka kumi na mitano. Katika mkutano wao wa kwanza baada ya mazishi, mwenyekiti wao, Mama Kathure, alikuja hapa akaomba leso moja ya marehemu. Akaifunga kwenye mgongo wa kiti cha plastiki, akakukalisha. Alisema kiti cha mwenzao hakikai wazi. Ulikuwa msichana wa shule kati ya wanawake waliokuzidi umri mara mbili na zaidi, na kila mmoja alikuita mwanangu. Niliona kwamba ulirudi kutoka pale ukitembea tofauti. Mimi, mgane asiyejua kumfariji mtoto, nilifanyiwa kazi yangu na majirani, wala sikuwashukuru.

Nikizungumzia kazi yangu, sharti nitaje na ile barua. Muhula uliofuata mazishi ulikuwa bado katika shule ya bweni, kabla sijakuhamishia shule ya kutwa. Uliniandikia kurasa mbili. Ulisema kwamba usiku unasikia harufu ya moshi wa jiko la mama na hujui inatoka wapi. Ulisema unaogopa kumwambia mtu wasije wakakucheka. Mimi nilichukua kalamu nyekundu. Nilisahihisha upatanisho, nikatia koma palipokosekana, nikaandika pembeni neno "Rudia", nikaituma barua yako kwako kwa posta. Nilidhani ninakufanyia wema. Hukurudia, na tangu siku hiyo hukuniandikia tena, hata ujumbe wa simu unaozidi mstari mmoja. Kalamu ile nimeitupa leo mchana. Najua kwamba imechelewa kutupwa.

Basi, vifaranga. Ndugu yako alikuwa amenitumia kutoka Nairobi kitambaa cha joto kwa ajili ya mgongo wangu. Ni kitambaa laini, kipana kama mto wa kulalia, chenye nyaya ndani yake, waya mrefu wa kuchomeka ukutani, na swichi ya hatua tatu. Nilikitumia wiki moja, nikasema kwamba mzee hawezi kulala na umeme kitanda kimoja, nikakitupa juu ya kabati. Wewe ndiwe uliyekishusha. Muda mfupi kabla ya hapo Mama Kathure alikuwa amepoteza vifaranga wake wote kwa jiko la makaa: chumba kilifungwa kwa sababu ya baridi, hewa ikawa mbaya, na asubuhi hakukuwa na hata mmoja aliyeinua kichwa. Ulikaa na kile kijitabu cha maelezo siku mbili. Uligundua kwamba kitambaa hujizima chenyewe baada ya saa mbili, ukatafuta mpaka ukaona namna ya kukizuia kisijizime. Uliona pia maneno yaliyoandikwa kwa herufi nene: usikikunje, usikilalie, usikifunike. Ulinisomea. Nilikuwa ninasoma gazeti.

Ulipowaeleza kina mama, walikutania. Mama Halima alisema kwamba kuku wa mwalimu sasa watalala kwenye blanketi ya stima, na wao wenye watoto wataendelea kulala na baridi yao. Mwingine akauliza kama vifaranga nao watapewa dawa ya mgongo. Mama Kathure ndiye aliyekata shauri. Alisema wakuache ujaribu, maana jiko lake limeshaua wa kutosha. Wakaleta vifaranga thelathini, watano wa kila mama, na watano hao wa mwisho walikuwa wako, wa kiti cha mama yako. Lilikuwa kundi la kwanza kulelewa na wewe, na nyote mlijua kwamba mwanachama huthibitishwa na kundi lake la kwanza.

Nilikutazama ukifanya kazi. Hukukitandaza kitambaa chini. Ulikata wavu wa waya, ukaukunja kama paa la kibanda kidogo, ukazipinda ncha zote ndani zisije zikamchoma mnyama. Ulikivika kitambaa kipande cha pamba safi, ukakilaza juu ya wavu na kukifunga kwa kamba pembe nne. Chini yake pakawa na pango la kimo kile ambacho mgongo wa kifaranga hugusa joto, kama anavyogusa tumbo la kuku. Pango uliliweka upande mmoja wa sanduku la mbao. Upande wa pili ukaweka chakula, na maji katika kisahani chenye vijiwe ili wasizame. Waya wa umeme ulipita juu, mbali na midomo yao na mbali na maji. Maranda ya mbao uliyafagia yasiguse kitambaa. Ulipima joto kwa mgongo wa mkono wako, ukapima tena baada ya saa moja, ukaiacha swichi kwenye hatua ya moja.

Nilikuuliza kwa nini nusu ya sanduku iachwe baridi, na wale ni watoto wachanga. Ulinijibu bila kuinua macho.

"Baba, anayesikia baridi ataingia. Anayesikia joto atatoka. Mimi siwezi kujua nani anasikia nini."

Ukanieleza dalili. Wakirundikana na kulia, wana baridi. Wakitanua mbawa na kuhema midomo wazi, wana joto. Wakitawanyika huku wakidonoa kimya, waachwe hivyo hivyo. Nilikuambia kwamba mtoto hajui linalomfaa, awe wa kuku au awe wa mtu. Uliendelea kukaza kamba. Ulikuwa umeshazoea kuninyamazia.

Somo lile nilikuwa nimelipata tangu utotoni, na kwa mwalimu bora kuliko mimi. Babu yako alichunga mbuzi huko Leparua maisha yake yote. Mvua ikinyesha, watoto wa mbuzi waliozaliwa siku hiyo waliingizwa ndani karibu na moto. Jioni moja, nikiwa na miaka kama minane, nilimhurumia mmoja aliyekuwa akitetemeka, nikamfunga kwa kamba fupi kwenye jiwe la mekoni ili asipotee gizani. Nikasinzia. Alipoungua mguu wa nyuma ndipo alipolia. Babu yako aliikata kamba kwa kisu, akampaka mafuta, kisha akaketi karibu nami. Hakunipiga. Aliniambia, "Mnyama anaijua baridi yake. Wewe mpe moto, na umpe njia." Yule mbuzi hakuwa wetu, alikuwa wa jirani. Kulipopambazuka jirani alikuja, akaona mguu, akauliza ni nani aliyemfunga. Babu yako akasema, "Ni mimi." Mzee mwenye mifugo, mbele ya mzee mwenzake, akakubali kuonekana mjinga kuhusu jambo ambalo hata mtoto wa Mturkana anapaswa kulijua. Nilisimama nyuma yake nikamsikia. Nimelikumbuka neno lile mara nyingi katika miaka hii minne.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Julai, siku ya nne tangu vifaranga wafike. Watu wa mbali hudhani Isiolo ni joto mwaka mzima. Hawazijui asubuhi zile ambazo vumbi na baridi huingia pamoja chini ya mlango. Uliondoka mapema kwa sababu ya kwaya. Ulinionyesha swichi ikiwa kwenye moja, ukaniomba nisiguse kitu. Kuombwa na mtoto nisiguse kitu katika nyumba yangu mwenyewe kulinikaa vibaya. Nilikunywa chai. Nilivaa koti. Kisha nikainua kifuniko cha sanduku nikachungulia.

Wengi wao walikuwa nje ya pango, wamesambaa, wanadonoa, kimya. Nilikuwa nimefundisha miaka thelathini na miwili, na kila asubuhi nilisimamia mistari ya watoto uwanjani. Nilichokiona mimi ni kundi lililoachwa kwenye baridi na yule aliyepaswa kulichunga. Nikazifungua kamba zako. Nikauweka wavu wako kando. Nikaichukua ile katoni yenye matundu waliyoletwa nayo, na kwa kuwa kitambaa kilikuwa kipana kuliko katoni, nikakikunja mara mbili, nikakibana chini kabisa. Nikawaweka vifaranga juu yake mmoja mmoja, nikiwahesabu, hadi thelathini. Nikaipandisha swichi hadi tatu. Nikaifunika katoni kwa shuka langu zito, nikalichomeka pembeni lisipeperushwe. Hakuna aliyebaki nje. Wote walipata sawa. Niliridhika, nikachukua Biblia yangu nikaenda kanisani, na huko nilikaa mstari wa mbele pamoja na wazee wenzangu.

Kwaya ilibaki kwa mazoezi baada ya ibada, kwa hiyo nilifika nyumbani kabla yako. Harufu niliikuta mlangoni.

Sitakueleza nilivyowakuta. Wanne walikuwa hai, wamejibana katika pembe moja ambako kitambaa hakikufika. Ishirini na sita walikuwa wamekufa. Kitambaa kilikuwa kimeungua mstari mmoja, katikati kabisa, pale nilipokikunja. Kama kingeachwa muda zaidi, huenda nyumba nayo ingeshika moto, na majirani waliopakana nasi wangekwenda nayo. Nakuambia ukweli kwamba wakati ule sikuwaza vifaranga, wala majirani. Niliwaza kwamba wanawake watanicheka. Niliwaza wanavyoniita Mwalimu, na jinsi jina hilo litakavyosikika midomoni mwao baada ya siku hiyo.

Kwa hiyo nilifanya jambo la pili. Niliwatoa vifaranga katika katoni nikawarudisha katika sanduku lako, wafu na wazima. Niliusimamisha wavu wako mahali pake. Nilikikunjua kitambaa, nikakilaza juu, nikakifunga kamba pembe nne. Shuka nililikunja nikaliweka chumbani. Swichi niliisahau.

Uliingia pamoja na Mama Kathure, ambaye alitaka kuwaona watano wake. Nilikuwa nimesimama dirishani, koti bado mwilini. Mama Kathure aliinama juu ya sanduku kwa muda mrefu. Hakupaza sauti.

"Nakiru, hii stima uliiweka namba gani?"

"Moja, Mama. Niliiweka moja."

"Hii ni tatu, mwanangu."

Ulienda kuitazama. Ukanigeukia. Hukuniuliza kitu, ulinitazama tu, na mimi nilikuwa na muda wa kutosha, Nakiru. Mtu anaweza kusema mengi katika muda ule. Nilisema, "Labda ulidhani umeweka moja."

Maneno manne, sentensi isiyo na kosa. Niliona jinsi yalivyokuingia. Niliona ukianza kujiuliza, ukiutazama mkono wako wa kulia, ukijaribu kukumbuka. Mpaka jioni ulikuwa umeshakubali. Mtoto aliyelelewa na baba asiyekosea ana jibu moja tu la kujipa. Mara nyingine huwa ninadhani uliziona zile kamba, kwamba nilizifunga kwa fundo langu na si kwa fundo lako. Ikiwa uliliona ukanisitiri, sijui niseme nini. Ikiwa hukuliona, basi sasa unajua.

Kina mama hawakukugombeza, wala hawakudai kulipwa. Mama Halima alikuletea maziwa ya ngamia katika kibuyu, akakuambia kwamba kuku ni kuku. Lakini baada ya majuma mawili Mama Kathure alinijia hapa mlangoni na leso ya mama yako imekunjwa vizuri. Alisema wameona upumzike kwanza, ukikua zaidi watakuita. Nilipokea leso. Nilisema asante. Alikuwa amesimama umbali wa hatua moja kutoka kwangu, barabara ilikuwa tupu, na nilisema asante. Kiti alikikalia mtu mwingine.

Kitambaa nilikifungia katika sanduku la bati, chini ya vitabu vyangu vya shule, nikisema kwamba ni kitu cha hatari. Tangu hapo hukumshika kuku. Krismasi hukutaka hata kumnyonyoa. Nilimchinja na kumnyonyoa mwenyewe, nawe ukapika bila kuonja. Mmoja wa wale wanne bado yuko kwa Mama Kathure, yule kuku mwekundu anayepekua taka karibu na lango letu, na nimekuona zaidi ya mara moja ukivuka upande wa pili wa barabara ukimwona.

Kisha ikaja barua ya chuo cha mifugo. Ulikuwa umeomba nafasi kabla ya mambo haya, na walikukubali. Niliisoma mimi kwanza, nikafurahi, nikakuletea jikoni. Uliisoma ukiwa umesimama, ukaikunja, ukaniambia kwamba hutakwenda. Nilikuuliza kwa nini. Ulisema, "Baba, mkono wangu unaua." Ulisema kwa utulivu, kama mtu anayetaja kimo chake. Na mimi, ambaye nimewaadhibu watoto wa watu kwa kunidanganya kuhusu kitabu kilichosahauliwa nyumbani, nilirudi sebuleni nikaketi.

Sikukosa nafasi ya kusema. Nilizipata nyingi, nikaziacha zipite. Siku za mwanzo niliona haya kwa ajili ya vifaranga. Baadaye niliona haya kwa ajili ya ule uongo, na uongo ulikuwa mkubwa kuliko vifaranga, na kila mwezi niliokaa kimya uliuongeza. Mara mbili niliinuka kukuambia. Mara ya kwanza niliishia kukuuliza kama tokeni ya umeme imeisha. Mara ya pili nilikukosoa kwa namna ulivyoanika nguo. Uliniomba radhi kuhusu nguo.

Sikuandikii ili unisamehe. Sina mafundisho ya kukupa, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa na maelezo mkononi, yaliyoandikwa na yaliyosemwa, nikayadharau yote. Lakini nimefikiri sana kuhusu ile katoni. Nilitaka kila mmoja awe mahali nilipomweka, apate kile nilichokadiria, wala asiwepo wa kunionyesha kwamba nimekosea kwa kuondoka tu kwenda upande wa baridi. Nadhani hata wewe nilikulea katika katoni. Ukienda Marsabit, sehemu moja ya moyo wangu inahuzunika, na nyingine inasema kwamba hatimaye umepata upande wa pili wa sanduku. Sitakuzuia. Nilipiga simu chuoni Jumanne nikauliza; nafasi ile ilikwisha kupewa mtu mwingine, na anayetaka sasa huanza upya na wengine wote. Sikuombi ufanye hivyo. Ninakujulisha tu, kwa sababu unastahili kuchagua bohari ukiwa unaujua mkono wako ulivyo.

Leo asubuhi nilivuka barabara nikaenda kwa Mama Kathure. Alishangaa. Aliniambia kwamba tangu aniletee leso sijakanyaga kwake, na akauliza kama nimepotea njia ya kwenda kwa fundi viatu. Nilimwomba awalete wanachama wote kesho saa moja asubuhi wakuombee safari na kunywa chai. Alinitazama sana. Akasema kwamba kama ni maombi watakuja, na kama ni hotuba, niwe mfupi.

Kesho, watakapokuwa wameketi, nitasimama. Nitakileta kile kitambaa kutoka katika sanduku la bati na kukifungua mbele yao waone kilivyoungua. Wanajua kazi yao. Wataona kwamba kitambaa kilicholazwa juu ya wavu hakiwezi kuungua mstari mmoja katikati. Huo ni mkunjo, na wewe hukukikunja. Nitawaambia ni nani aliyekikunja, ni nani aliyekikunjua, na ni nani aliyesema maneno yale manne. Kisha nitamrudishia Mama Kathure leso. Wataamua wenyewe ni ya kufungwa wapi.

Lakini najijua. Nimekwisha kuinuka mara mbili. Ndiyo sababu barua hii naitia sasa, kabla hujarudi, katika bahasha ya vyeti vyako, ambayo najua utaikagua asubuhi kabla ya wageni kuingia. Utakuwa nayo mkononi nitakapokuwa nimesimama. Nikianza kuzungumzia upepo, au barabara ya Marsabit, au umuhimu wa kufika kazini mapema, usinisubiri. Mpe Mama Kathure barua hii aisome kwa sauti mbele ya wote, nami nitakuwapo. Nimeieleza kama kwa mtu ambaye hakuwapo ili mtu yeyote aweze kuisoma na kuelewa, na nimetia sahihi yangu hapa chini.

Nasikia lango. Umerudi mapema kuliko nilivyokadiria, kama kawaida yangu ya kukadiria.

Swichi ilikuwa kwenye moja, Nakiru. Uliiweka kwenye moja.

Baba yako